Nchi Ambayo Mgongo Ni Mlango

Haya aliniambia Bi. Mwanaheri mwenyewe, siku tulipokuwa tunachambua mchele wa arobaini ya mjukuu wake. Alianza sinia la kwanza, akamaliza sinia la tatu, na mkono wake haukuacha kutoa chuya. Nilimwuliza mara mbili kama ni kweli, na mara zote mbili alinitazama akasema, "Mimi sijui kutunga, najua kuona." Basi nayaandika kama nilivyoyapokea. Palipopungua ni pangu, palipozidi ni pake.

Siku yenyewe, mjukuu alikuwa na siku saba tangu azaliwe, binti wa binti yake, na Bi. Mwanaheri alikuwa hajamtia machoni. Siku ya saba mtoto hunyolewa nywele akapewa jina, na jina hilo lilikuwa na mashindano. Mama wa baba wa mtoto, Bi. Mwantumu, ni mwanamke mwema, ila hupenda kusikia jina lake likiitwa. Alikuwa na wajukuu wawili wa kike kwa watoto wake wengine, na wote wawili kawaita Mwantumu. Yupo Mwantumu Mkubwa, yupo Mwantumu Mdogo. Huyu wa tatu angekuwa Mwantumu wa namna gani hakuna aliyejua, ila kwamba angekuwa Mwantumu, hilo lilijulikana mpaka kisimani.

Bi. Mwanaheri yeye alitaka mtoto aitwe Maimuna. Maimuna ni dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na aliyeondoka duniani bila kuacha mtoto wa kulishika jina lake.

Bibi wawili hawa wakapelekeana salamu, na katika salamu wakapatana: wembe utashuka jua likifika utosini. Bi. Mwanaheri akiwahi, atataja yeye, maana anatoka mbali. Asipowahi, atataja aliyepo.

Kwa hiyo alfajiri ile Sufiani, baba wa mtoto, alitumwa na baiskeli kumchukua mkwewe. Mama yake alimsindikiza hadi uani akamwambia, "Mwanangu, usikimbize. Mkwe si gunia." Sufiani hakujua kama aliambiwa hivyo kwa heshima au kwa hila, na mpaka leo hataki kuuliza.

Bi. Mwanaheri alipanda keria, miguu upande mmoja, kitambaa kimekunjwa chini yake. Sufiani akawa anaona haya.

"Mama, unisamehe," alisema, "njia nzima nitakupa mgongo."

"Mwanangu, leo mgongo wako ndio kiti changu. Kanyaga."

Njia ya siku zote ilikuwa imekatwa na maji, wakashika nyingine, na jua lilipopanda kiasi cha kumkausha mtu umande wakajikuta katika nchi iitwayo Hodini. Walifikaje huko Bi. Mwanaheri hakueleza, nami sikumkatiza.

Hodini ni nchi safi. Haina barabara mbili, ina njia moja pana iliyofagiwa, na juu yake wanapita wote: wenye miguu na wenye magurudumu. Mwanzo wa njia kuna kibanda, na kibandani kuna karani. Alitoka na donge la pamba, akaisalimu baiskeli kabla ya kuwasalimu watu, kisha akaijaza pamba ile kengele mpaka ikawa bubu.

"Huku kwetu," alisema, "kengele haipigwi nyuma ya mtu. Kengele hufungwa ng'ombe. Ukimpigia mtu, umemwambia yeye ni nani?"

Sufiani akasema hapo ana haki. Bi. Mwanaheri naye alikubali moyoni, kwa kuwa mwaka mmoja kijana mwenye baiskeli alimpigia kengele karibu na sikio mpaka akaangusha kikapu cha mayai. Akawaza: watu hawa wana adabu, tutafika upesi.

Karani akafungua daftari. "Magurudumu mawili. Mpanda mmoja. Na huyo wa nyuma?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Sikuuliza ukoo. Anakanyaga pedali?"

"Hakanyagi."

"Anashika usukani?"

"Hashiki."

Karani akaandika, akisoma kwa sauti: "Mzigo mmoja. Unaosema."

"Mzigo, mimi?" alisema Bi. Mwanaheri.

"Bibi, si tusi. Sheria inajua miguu, inajua magurudumu, na inajua mizigo. Wewe ungependa nikuandike gurudumu?"

Hakupenda. Akaandikwa mzigo.

Ndipo karani akawasomea sheria, ambazo ni kumi na tisa, na zote zinaning'inia kwenye ile ya kwanza: mgongo wa mtu ni mlango wake. Mtu anayetembea mbele yako yumo nyumbani mwake, na wewe mwenye gurudumu unayemjia kwa nyuma ni mgeni mlangoni. Kwa hiyo utapunguza mwendo, utaweka mguu chini, utapiga hodi. Akijibu karibu, utapita. Asipojibu, utapiga ya pili. Asipojibu, utapiga ya tatu. Na kimya kikiwa kile kile, fanya kama afanyavyo mstaarabu yeyote aliyekosa mwenyeji: geuka urudi ulikotoka.

"Urudi wapi?" aliuliza Sufiani.

"Kwenye Jiwe la Kurudia. Kuna moja kila baada ya mwendo mfupi. Ukiligusa, unaanza upya."

"Na nikipita pembeni, kwenye majani?"

Karani alifunga daftari kwa mshangao. "Kijana, mlango ukifungwa wewe huingia dirishani?"

Wakaenda. Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Mwanamke mwenye mtungi alipigiwa hodi, akajibu karibu bila kugeuka, akasogea kushoto hatua moja, Sufiani akampita taratibu kwa nafasi ya mkono mzima, wala maji hayakutikisika. Bi. Mwanaheri aliipenda sana hiyo nafasi ya mkono mzima. Lakini wa pili alikuwa mwenyeji mkarimu, aliyejibu, "Karibu, karibu sana, za huko mtokako?" Nao hawakuweza kumpita mtu katikati ya salamu. Wakaulizwa hali, mvua, wazee, na kama mihogo imeshika. Walipoachiliwa, kivuli cha baiskeli kilikuwa kimefupika.

Wa tatu walikuwa wanawake watano waliotembea sambamba, wamejaza njia ukingo hadi ukingo. Sufiani akapiga hodi, mmoja akajibu karibu, wanne wakaendelea na mazungumzo yao.

"Nipite?" Sufiani aliuliza.

"Kwangu umekaribishwa," alisema yule mmoja. "Kwa wenzangu sijui, mimi si msemaji wao."

Hapo Bi. Mwanaheri akajua kwamba swali la wanawake watano ni maarufu katika nchi ile. Je, migongo mitano iliyopangana ni milango mitano, au ni nyumba moja yenye mlango mpana? Baraza lao limelijadili miaka sita. Kuna Chama cha Miguu na Chama cha Magurudumu. Wa Magurudumu hulalamika kwamba watu wa miguu hutembea katikati ya njia kama maharusi. Wa Miguu hulalamika kwamba wenye magurudumu huja nyuma ya mtu kama nyuki. Kila upande una ushahidi, na kila upande una watu waliopigwa viwiko. La ajabu, Bi. Mwanaheri hakuona hata mmoja aliyezaliwa na gurudumu. Asubuhi mtu ni wa Magurudumu, mchana baiskeli ikipata pancha anahamia Miguu, na hotuba ya pili anayo tayari mfukoni.

Wale watano waliwajibu mmoja mmoja, wa mwisho baada ya kumaliza kisa cha shangazi yake, na safari ikaendelea. Jua sasa lilikuwa limebakiza kidogo kufika utosini.

"Tutawahi, mama," alisema Sufiani, akihema.

"Jina la dada yangu liko katika magoti yako, mwanangu," alisema Bi. Mwanaheri.

Wakakata kona, na mbele yao wakaona baiskeli. Si mbili, si kumi. Baiskeli zilikuwa zimejaa njia: za wauza mikate, za wabeba mkaa, za mafundi, na moja ya bwana harusi mwenye kanzu aliyekuwa amekaa juu ya keria yake kashika tama. Kundi zima lilikuwa linasogea mbele polepole. Kisha likasimama. Sauti zikapanda pamoja: "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Na kundi zima, bila hata mtu kutukana, likageuza usukani, likarudi nyuma kugusa jiwe, likaanza tena.

"Kuna nini mbele?" Sufiani alimwuliza muuza mikate aliyekuwa anageuka karibu yake.

"Mzee Pandu anatembea."

"Anatembea wapi?"

"Anatembea tu. Akitembea, hajibu hodi. Leo tangu alfajiri. Mikate hii ilitoka na moto, itaingia mjini na ukungu."

"Ni kiziwi?"

"Kiziwi? Mzee Pandu anasikia ndizi ikiiva."

Katikati ya kundi, akisukuma baiskeli iliyofungwa utepe wa kijani, alikuwamo Mwangalizi Mkuu wa Migongo, mtu mzima mwenye mvi na joho, na wajumbe wa baraza wanne wakimfuata. Walikuwa wanafanya kikao hapo hapo njiani, wakisonga na kundi na kurudi nalo. Mjumbe wa Magurudumu alitaka hodi iongezwe ifike tano. Mjumbe wa Miguu akasema hodi ya sita ni kutafuta ugomvi, sasa ya tano si jirani yake? Mwingine alitaka ipimwe sauti. Mwangalizi aliwasikiliza wote kwa upole na kuandika sheria ya ishirini juu ya kiti cha baiskeli yake.

Bi. Mwanaheri alitazama jua. Kisha akamtazama mkwewe, aliyekuwa amelowa jasho tangu kola hadi kiunoni na hakuwa amelalamika neno.

"Nishushe," alisema.

"Mama, usitembee! Mama yangu atasema nilikuacha utembee."

"Nishushe, Sufiani. Nina neno na mtu."

Aliposhuka, wajumbe wote wanne walimgeukia. Mmoja akapekua vitabu. Mwenye baiskeli huhesabiwa gurudumu hata akiisukuma, kwa hiyo hakuna katika kundi lile aliyewahi kwenda mbele kwa miguu yake. Lakini daftarini huyu aliandikwa mzigo. Je, mzigo ukishuka wenyewe ukaenda?

"Hakuna kifungu," alisema mjumbe.

"Basi kitafuteni polepole," alisema Bi. Mwanaheri, akapita kati ya magurudumu akiinua kanga yake isinase kwenye spoku.

Mzee Pandu alikuwa mrefu, mwembamba, na fimbo yake ilikuwa ya mapambo tu, kwa maana hakuiegemea. Bi. Mwanaheri hakumjia kwa nyuma. Alipita upande kwa mbali, akazunguka, akasimama mbele yake mahali ambapo angemwona vizuri.

"Shikamoo, kaka."

Mzee akasimama. Ilikuwa muda mrefu hajaona mtu anamjia kwa mbele. "Marahaba."

"Mimi ni Mwanaheri. Nimetoka mbali, naenda kwa mjukuu wangu ananyolewa leo. Nimeona watu wanapiga hodi kwako nawe hujibu. Nikajisemea, mtu hafungi mlango tangu alfajiri bila sababu. Umeudhiwa na nani?"

Mzee Pandu akatazama majani. Alikuwa na maneno ambayo yamekaa sana, hata kutoka yalitoka na vumbi.

"Nilikuwa na chungu cha samli," alisema. "Nampelekea mama mkwe wangu. Mara ya kwanza kwenda ukweni. Kanzu mpya. Kijana akaja nyuma na baiskeli, akasema hodihodihodi kwa pumzi moja, na kabla sijafungua mdomo kiwiko chake kilikuwa kimeshanipiga. Samli yote kifuani. Nilifika ukweni nikinuka kama kikaango."

Bi. Mwanaheri aliuma mdomo asicheke, akashindwa kidogo. Na mzee naye, kwa kuona mtu anacheka bila ubaya, pembe moja ya mdomo wake ikapanda.

"Walikucheka?"

"Mpaka leo wananiita Mzee Maandazi. Mke wangu mwenyewe akinikasirikia. Lakini dada, si samli. Samli hununuliwa. Yule kijana aligeuka akaniona. Akaona. Akakanyaga, akaenda zake. Hakusema pole."

"Unamjua?"

Mzee Pandu alinyoosha kidevu chake nyuma, kwa kundi, kwa ule utepe wa kijani.

Bi. Mwanaheri akageuka. Mwangalizi Mkuu wa Migongo alikuwa ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya sheria ya ishirini. Watu wote walimtazama, na muuza mikate aliweka mkono mdomoni.

"Ni zamani sana," alisema Mwangalizi. "Na tangu siku ile nimefanya kazi usiku na mchana ili jambo lile lisimpate mwingine. Sheria zote hizi kumi na tisa..."

"Bwana mkubwa," alisema Bi. Mwanaheri, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anayekataa dawa, "sheria zako nzuri, na nafasi ya mkono mzima nitaipeleka kwetu. Lakini kumbe umeandika maneno kumi na tisa ili usiseme moja!"

Bwana harusi alicheka kwa sauti kisha akajizuia.

Mwangalizi akalaza baiskeli yake chini. Akavua joho akalitundika kwenye usukani wa mjumbe, labda kwa sababu ya joto. Akatembea. Alikuwa hajatembea bila baiskeli mbele za watu miaka mingi, na hatua zake zilikuwa kama za mtu anayejaribu viatu vya kuazima. Alimzunguka Mzee Pandu upande, kama alivyomwona yule mgeni akifanya, akasimama mbele yake.

"Pandu," alisema. "Pole. Nilikuona. Niliona samli inavyoshuka mpaka kwenye pindo. Niliogopa, nikakimbia."

Mzee Pandu alimtazama sana.

"Kanzu ile ilikuwa ya kuazima," alisema hatimaye.

"Pole na kwa mwenye kanzu."

"Ameshakufa, Mungu amrehemu. Alikuwa baba yako."

Hapo wote wawili wakacheka, wakacheka mpaka fimbo ya mapambo ikapata kazi. Mzee Pandu akasogea kushoto hatua moja, akageuza uso kuwaangalia wale wenye magurudumu, akanyoosha mkono. "Karibuni. Piteni, jamani. Mikate inapoa."

Lakini hakuna aliyekimbia. Walipita mmoja mmoja, kila mmoja amelegeza mwendo, ameacha nafasi ya mkono mzima, na kila mmoja akisema lake. "Asante, mzee." "Ahsante, babu." "Shikamoo." Mwenye mkaa alishindwa la kusema akaacha gunia dogo. Wajumbe waliobaki nyuma walianza kubishana kama ruhusa ya mkono ni sawa na ruhusa ya mdomo, na kwa vile Bi. Mwanaheri hakungoja jibu, nami sina jibu la kuwapa.

"Panda, mama," alisema Sufiani. "Jua limeshafika."

"Limeshapita, mwanangu. Kanyaga hivyo hivyo."

Njia iliyobaki Bi. Mwanaheri alishika keria kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inasema Maimuna, Maimuna, kama mtu anayeaga. Aliwaza kwamba angepaswa kumwacha tu mzee yule, njia si yake, ugomvi si wake. Kisha akawaza kwamba hata angemwacha asingepita. Mawazo yote mawili hayakumfaa kitu.

Uani kwa Bi. Mwantumu watu walikuwa wamejaa, na wali ulishaepuliwa. Bi. Mwantumu alikuwa amekaa mkekani, mtoto mapajani, wembe mkononi. Nywele zilikuwa kwenye kisahani. Bi. Mwanaheri aliziona zile nywele akasimama mbali kidogo na mkeka.

"Umechelewa," alisema Bi. Mwantumu.

"Nimechelewa, dada."

"Ahadi ni ahadi. Jua lilifika, nikashusha wembe."

"Una haki."

"Hebu njoo uone."

Bi. Mwanaheri akasogea, akainama. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimenyolewa upande wa kulia, laini kama yai. Upande wa kushoto nywele zote zilikuwapo, nyeusi, zimesimama kama za mtu aliyeshtuka. Mtoto mwenyewe alikuwa anapiga miayo.

"Nilifika kati nikataka maji," alisema Bi. Mwantumu bila kumtazama. "Nikaita, Mwantumu! Wakaja wawili, kila mmoja na kata yake, wakagongana mlangoni, wakanimwagia mimi na mtoto. Nikakaa hapa nimelowa, nikahesabu. Wakiwa watatu si nitazama?"

Watu wakaangua kicheko. Bi. Mwantumu mwenyewe hakucheka. Aliugeuza wembe, akampa mwenzake upande wa mpini.

"Na tena," alisema kwa sauti ya chini, "hukuwapo. Nilitazama njia mpaka macho yakaniuma. Shika, umalizie. Utaje."

Bi. Mwanaheri akashika. Akanyoa upande wa kushoto kidogo kidogo, na alipomaliza aliweka mdomo kwenye sikio lile dogo, akalitaja jina la dada yake. Akarudia kwa sauti ili na watu wasikie. "Maimuna," wakaitikia uani, na Mwantumu Mkubwa akauliza kama sasa atapata wali.

Walikula wakashiba. Joto la alasiri likashuka. Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Sufiani alilala ukutani ameketi, kijiko mkononi. Mama wa mtoto akalala kitandani, akapata usingizi aliokosa siku saba. Wale Mwantumu wawili wakalala mguu huku mguu kule. Bi. Mwantumu alisema hana usingizi, anafumba macho tu, akakoroma kabla hajamaliza kusema. Bi. Mwanaheri alijinyoosha mkekani kando yake, kiuno kinamuuma kwa keria, mtoto kati yao. Maimuna alitazama dari kwa muda, akaona halina jambo, akafumba. Bibi akaweka kiganja juu ya kile kichwa kipya, akasikia utosi unavyopigapiga polepole, akaanza kuhesabu, akafika saba, au nane, akalala.